Barua ya wazi kwa viongozi wa Mwanza: uchafu wa ziwa unashuka kutoka juu, twendeni huko juu

Waheshimiwa, Mkuu wa Mkoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa Jiji, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, NEMC (baraza la taifa la mazingira) kanda yetu, na nyie wa Wizara ya Maji na Wizara ya Kilimo mlioko Dodoma, shikamooni.

Mimi ni mkazi wa Ilemela, nafanya biashara ya dagaa, kwetu kwa kuzaliwa ni Magu. Kwahiyo huko juu nina ndugu wanaolima pamba na mpunga na kuchunga ng'ombe, na huku chini nina majirani wanaovua, na wote nawasikia. Wavuvi wanasema wakulima wanaua ziwa, wakulima wanasema viwanda vya mjini ndo vinaua ziwa, watu wa mjini wanasema ni wale wa milimani, na kila mtu kwa sehemu anasema kweli. Ombi langu ni moja na nitalirudia mpaka mwisho, acheni kulitibu ziwa ukingoni, fuateni maji kule yanakoanzia kuchafuka.

Maana nachokiona mimi kila inapofika siku ya mazingira au kiongozi mkubwa anakuja ni usafi wa ufukwe. Tunaokota chupa za plastiki, tunapiga picha, kina mama waliokuwa wanafua nguo wanafukuzwa na beseni zao, vijana wa kuosha bodaboda wanakamatwa, jioni gari zinaondoka. Siwatetei wanaoosha pikipiki ziwani, ile oili ni uchafu na iachwe. Ila sabuni ya mama mmoja mkiiweka pembeni ya kinachoshuka na Mto Simiyu siku moja ya mvua kubwa haionekani kabisa, na nyie wenye maabara mnalijua hilo kuliko mimi.

Nianze na hapa mjini kwasababu ndo karibu.

Mwanza imejengwa juu ya mawe. Mabatini, Igogo, Isamilo, Kitangiri, Nyamanoro, nyumba zimepanda mpaka kileleni na chini ya nyumba ni jiwe, ukichimba choo futi chache tu unagonga mwamba. Gari la kunyonya majitaka halipandi huko, hata mkokoteni haupandi, maji yenyewe watu wanabeba kichwani. Sasa choo kikijaa mtu afanyeje? Anasubiri mvua. Mvua ikianza kushika usiku watu wanatapisha vyoo, wanatoboa tundu kwa chini afu maji ya mvua yanasomba kila kitu, yanashuka kwenye vijia ambavyo asubuhi watoto wanapita kwenda shule, yanaingia mitaroni, yanaingia Mto Mirongo, Mirongo inakatiza katikati ya jiji letu na kumwaga ziwani. Haichukui hata saa nzima kutoka kwenye choo cha mtu mpaka kwenye maji ambayo mwingine anachota kwa ndoo. Halafu tunashangaa kipindupindu, tunashangaa homa ya matumbo, tunashangaa kichocho hakiishi ukanda huu pamoja na vidonge vyote ambavyo watoto wanameza mashuleni, wakati mayai ya kichocho cha tumbo yanatoka kwenye kinyesi, yakifika majini yanaanguliwa, yanamwingia konokono, yanatoka yanamsubiri mtoto anayeogelea.

Na hapa nasema kwa haki, mlianza vizuri. Ule mradi wa mabomba madogo ya majitaka milimani, kule Igogo na Kilimahewa na Mabatini, ndo kitu cha maana kuliko vyote nilivyoviona kwenye usafi wa mji huu. Paipu nyembamba, hazihitaji barabara ya gari, zinafuata mteremko wenyewe, kaya zinaunganishwa na kinyesi kinashuka ndani ya bomba kwenda kwenye mtandao mkubwa na mabwawa ya kutibu badala ya kushuka mtaroni. Yaani ule mteremko uliokuwa adui umegeuzwa kazi. Kwanini mabomba haya hayajafika kila kilima? Kila mvua inayonyesha kabla hayajafika ni vyoo vingine vinafunguliwa, na kumpiga faini mtu ambaye hana pa kumwaga hakubadilishi kitu, atalipa faini na mvua ijayo atatapisha tena kwasababu choo kitakuwa kimejaa tena.

Viwanda vina sehemu yao na sitaki ionekane navitetea. Ila kiwanda kina geti na kina bomba, ukitaka kujua kinamwaga nini unaenda na chupa unachukua sampuli unapima, sheria mnayo. Uchafu wa mashambani hauna bomba. Unatoka kwenye kila shamba kidogo kidogo, kwenye kila njia ya ng'ombe, kila mlima uliochomwa moto, hamna mtu mmoja wa kumkamata, na nadhani ndo maana hamna anayehangaika nao.

Mimi nimelelewa kwenye mashamba hayo. Kwetu juu kwenye miinuko yenye mawe udongo ni luseni, mchanga mwepesi, unalimika kwa urahisi na unaondoka kwa urahisi. Chini ni mbuga nyeusi, udongo mzito wa mfinyanzi. Zamani miinuko ilikuwa na miti na majani, sasa hivi miti imeisha kwa kuni na mkaa, ng'ombe wanamaliza majani kiangazi chote, afu watu wanachoma moto yaliyobaki ili yachipue mapya. Inapofika vuli, Oktoba au Novemba, ardhi ipo uchi kabisa. Mvua ya kwanza inapiga juu ya vumbi, majivu na samadi iliyokauka miezi mitano, na tunalima na plau kufuata mteremko kwasababu ng'ombe wanaona rahisi, kwahiyo kila mfereji wa plau unakuwa ni mtaro wa kupeleka udongo mtoni. Simameni pale daraja la Simiyu, Magu, siku mbili baada ya mvua muangalie rangi ya maji. Lile ni shamba la mtu linapita, ni samadi yake na mavuno yake ya mwaka kesho.

Tatizo sio tope tu. Fosforasi, ambayo ni chakula cha mimea, inang'ang'ania kwenye chembe za udongo, udongo ukisafiri nayo inasafiri. Naitrojeni inayeyuka, inakwenda na maji hata yakionekana masafi. Vikifika ziwani vinalisha mwani na gugumaji vilevile vinavyolisha mahindi. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2025 pale Kigongo na Busisi, magugu yalivyotanda mpaka vivuko vikapata shida kupita? Zikaletwa mashine, nguvu kazi, viongozi wakaja kuona. Sawa, ilibidi. Lakini gugu linaota pale lilipopata chakula, na chakula chake kinaendelea kuteremka kila msimu, tutaling'oa mpaka lini?

Afu kuna ule mwani wa kijani unaotanda juu ya maji wakati kumetulia, unanuka, ukipeleka mtumbwi unaacha njia. Baadhi ya aina zake zinatoa sumu inayoharibu ini. Naomba hili mlitangaze redioni kwa Kiswahili na kwa Kisukuma maana watu wengi wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, hawajui: kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu lakini hakuondoi sumu ya mwani. Mama anachemsha maji ya ziwa anaamini amemlinda mwanae, na kweli amemlinda na kipindupindu, ila maji yakiwa yametanda kijani hiyo sumu ipo palepale kwenye sufuria. Inabidi aambiwe asichote kabisa hapo siku hizo, na hapohapo aambiwe achote wapi.

Hawa vijana wetu wa vizimba nao nawaonea huruma. Serikali imewakopesha vizimba vya kufugia sato, jambo jema sana, ajira ipo. Lakini mwani mwingi ukifa na kuoza unakula hewa yote ndani ya maji, samaki wa ziwani anakimbilia kwingine, sato wa kwenye kizimba anakimbilia wapi? Mkopo unabaki na samaki wamekufa. Kwahiyo kilimo cha juu ya mlima kule Kwimba kina uhusiano na marejesho ya mkopo wa kijana wa Ilemela, na sijawahi kusikia kikao ambacho bwana shamba na bwana samaki wamekaa meza moja kuongelea hilo.

Mtu ataniambia ziwa ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, litavumilia. Naomba tuelewane hapa. Ziwa letu ni pana lakini halina kina kirefu, wastani wake ni kama mita 40 tu, na mto unaotoka ni mmoja, Nile pale Jinja. Maji mengi yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na maji mengi yanayotoka yanatoka kwa kukaushwa na jua. Ni kama sufuria ya maji ya chumvi mekoni, mvuke unaondoka na chumvi inabaki. Tope letu halipandi mbinguni na mvuke, linabaki, na la mwaka huu linajumlishwa na la mwaka jana.

Kuna kitu kingine watu hawakijui na mimi kilinishtua nilipokielewa. Sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria haiji na mto kabisa, inashuka kutoka hewani. Moshi wa mapori na mabua tunayochoma, vumbi la mashamba yaliyo wazi kiangazi, vinapeperuka, vinatua juu ya maji au vinashushwa na mvua. Kwahiyo mtu anayechoma mlima kilomita nyingi kutoka ufukweni, ambaye hajawahi kutia mguu ziwani, naye anachangia. Zile mita 60 za ukingoni ambazo sheria inakataza kulima na kujenga haziwezi kuuzuia moshi, na ndo maana nasema twendeni juu.

Kuhusu hizo mita 60 sasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaja, sheria ya rasilimali za maji ya 2009 nayo inazitaja, tusilime wala tusijenge karibu na mto na ziwa. Nani mkulima ameonyeshwa mita 60 zinaishia wapi? Kwenye mito mingi hamna hata alama. Watu wanalima mpaka mguu unaingia majini, nyanya, michicha, mpunga, kwasababu pale ndo kuna unyevu kiangazi. Wamefyeka mafunjo na matete ambayo ndo yalikuwa chujio letu la bure, maji ya tope yanaingia kwenye matete yanapungua kasi, udongo unatua, mizizi inakula ile mbolea, maji yanatoka yamesafika. Tukiyafyeka tumeondoa chujio na papo hapo tumeweka shamba lenye sumu. Na sumu inapulizwa kweli, mtu ana bomba mgongoni anapulizia nyanya kila wiki, akimaliza anaoshea bomba mtoni na kopo analitupa hapohapo. Naombeni mkumbuke 1999, Ulaya walifunga soko la samaki wa ziwa hili kwasababu ya watu waliokuwa wanavua kwa sumu hizihizi za mashambani. Viwanda vya samaki viliyumba, watu walikosa kazi. Mnunuzi akisikia sumu hana muda wa kuuliza iliingia kwa mvuvi au kwa mkulima.

Na kwenye mbolea niseme kitu maana kuna watu wanaparamia jambo. Tangu msimu wa 2022/23 kuna ruzuku ya mbolea na mimi naiunga mkono, mkulima wetu wa Usukuma anatumia mbolea ya dukani kidogo sana, yeye siyo wa kulaumiwa kwamba amezidisha. Kwetu kinachoondoka kwa wingi ni udongo wenyewe, samadi na majivu. Ila mbolea inapoongezeka na mafunzo yaongezeke, asiweke wakati wingu limefunga, afukie, asiweke karibu na mto. Bwana shamba mmoja kwa kata nzima, wengine hawana hata pikipiki yenye mafuta, atafikia wangapi?

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Misungwi na zebaki yao wanahitaji barua yao wenyewe, hapa nitaomba kitu kimoja tu, marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, na maji ya kuoshea yasikae kwenye bonde linaloshuka mtoni. Zebaki haiozi, inapanda kutoka kwa samaki mdogo kwenda kwa mkubwa mpaka inafika kwenye sahani. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki 2020, kwahiyo hilo tumeshaahidi mbele ya dunia.

Najua pia mtasema Mto Kagera unaleta tope la milima ya Rwanda na Burundi, na Mto Mara unatoka Mau huko Kenya ambako msitu umelimwa. Ni kweli kabisa, Kagera ndo mto mkubwa kuliko yote inayoingia na gugumaji lenyewe lilishuka nao. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu kwa ajili ya maongezi hayo, ongeeni nao. Lakini karibu nusu ya ziwa hili ni la Tanzania, na Simiyu, Magogo, Isanga, Mirongo, hii ni mito yetu kutoka chemchemi mpaka mdomoni, hatuhitaji ruhusa ya mtu.

Na wala hatuanzi na sifuri. Mkoloni alijaribu kuwalazimisha Wasukuma matuta kwa amri na faini miaka ya 1940 na 1950, wazee wakayachukia, alipoondoka na matuta yakaondoka. Halafu tazama Shinyanga. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza 1986, hawakuja na kitu kigeni, walirudisha ngitili, eneo la malisho ambalo ukoo au kijiji kinalifunga msimu wa mvua majani na miti vipone, na watu waliifuata kwasababu ilikuwa yao tangu enzi za babu. Maelfu kwa maelfu ya hekta zilirudi kuwa kijani, na mwaka 2002 ikapewa tuzo ya kimataifa. Mlima wenye ngitili hauleti tope. Nenda na Ukara, kisiwa chenye mawe na watu wengi kuliko ardhi, Wakara wamejenga kingo za mawe kwenye miteremko tangu kale, ng'ombe wanafungiwa ndani wanakatiwa majani, samadi inakusanywa yote inarudi shambani haipotei hata kidogo. Hawakufundishwa na mradi. Wapelekeni wakulima wa Magu na Misungwi wakae Ukara siku tatu nne waongee na Wakara, hiyo semina haina gharama kubwa.

Kwahiyo ninachoomba kwenye bajeti ijayo ni hiki. Mabomba ya majitaka yaendelee kilima kwa kilima, kuanzia vile vinavyomwaga Mirongo, na bei ya kuunganisha iwe ya kulipa kidogo kidogo maana wa juu kabisa ndo wenye kipato kidogo. Mita 60 ziwekewe alama, mkiziweka mumpe mkulima kitu cha kupanda pale, mabingobingo ya kulishia ng'ombe akate auze, au miti ya matunda, asiambiwe tu toka. Malambo na birika za kunyweshea mifugo zijengwe mbali na mto ili kundi zima lisishuke kuharibu kingo na kunya majini. Kila kata inayolima pamba na nyanya iwe na sehemu ya kukusanya makopo ya sumu. Ngitili ziingie kwenye mipango ya matumizi ya ardhi ya kila kijiji chenye mlima, na anayechoma moto aulizwe na kijiji chake.

Na majibu ya vipimo yatolewe. Machi 2022 Mto Mara uligeuka mweusi samaki wakafa, kamati ikaundwa, ikaja na majibu kuhusu kinyesi na mkojo wa ng'ombe na mimea iliyooza, wananchi wengi hawakuamini. Sisemi kamati ilisema uongo. Nasema watu wasingebishana vile kama vipimo vya mto ule vingekuwa vinabandikwa kila mwezi kwenye ofisi ya kata kama yanavyobandikwa mapato na matumizi, wangekuwa wameshaona mwenendo wenyewe. Chanzo cha maji cha Butimba kimejengwa kizalishe lita milioni 48 kwa siku, bomba la Ihelele linapeleka maji ya ziwa hili Shinyanga, Kahama mpaka Tabora. Yaani mkulima anayemwaga udongo wake kwenye mito inayoshuka huku anarudishiwa maji yaleyale kwenye bomba, na kadiri yanavyozidi kuwa machafu ndivyo dawa na umeme wa kuyasafisha unavyopanda na bili inampanda yeye. Mwambieni hivyo, ataelewa haraka kuliko mkimtishia na faini.

Vuli ikianza naomba maofisa wa maji, kilimo, afya na mifugo mtoke pamoja kwenye gari moja, mwanzie daraja la Simiyu au mdomo wa Mirongo, mpande na mto mpaka juu mkichukua sampuli kila baada ya umbali fulani, hapo mtajua ni wapi maji yanaharibika. Sisi wa mwaloni tupo tayari kuwachukulia sampuli za huku chini kila wiki bila malipo, tuleteeni chupa safi na mtu wa maabara wa kutuonyesha namna ya kuchota.

Mkazi wa Ilemela, Mwanza